Francisco Mañosa na tuzo ya Msanii wa Taifa wa Ufilipino

Francisco Mañosa (hutamkwa "Manyosa", 12 Februari 1931 – 20 Februari 2019) alikuwa msanifu majengo kutoka nchini Ufilipino. Anajulikana hasa kwa kutumia mianzi, mbao za mnazi na umbo la nyumba ya asili ya vijijini katika majengo makubwa ya kisasa.

Mwaka 2009 Rais Gloria Macapagal Arroyo alimtangaza kuwa Msanii wa Taifa, heshima ya juu kabisa ambayo serikali ya Ufilipino humpa msanii. Jina lake halikuwemo katika orodha ya mwisho iliyopelekwa kwa rais na taasisi zinazohusika, na tangazo hilo likazua mzozo mkubwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilibatilisha tangazo lake pamoja na matangazo ya wenzake watatu. Mwaka 2018 alipewa tuzo hiyohiyo kwa utaratibu wa kawaida, miezi minne hivi kabla ya kufariki.

Habari yake hutajwa mara nyingi katika mijadala juu ya tuzo za kitaifa kwa sababu inagusa maswali mawili yanayochanganywa kwa urahisi. Swali la kwanza ni kama msanii anastahili tuzo. La pili ni kama tuzo imetolewa kwa njia iliyo halali.

## Tuzo ya Msanii wa Taifa

Tuzo ya Msanii wa Taifa (kwa Kifilipino: *Gawad Pambansang Alagad ng Sining*) ilianzishwa mwaka 1972 kwa tangazo la Rais Ferdinand Marcos. Wa kwanza kuipata alikuwa mchoraji Fernando Amorsolo, aliyetunukiwa siku chache tu baada ya kifo chake mwezi Aprili mwaka huo. Mwanzoni tuzo ilisimamiwa na bodi ya Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino (kifupi: CCP). Mwaka 1992 iliundwa kwa sheria Tume ya Taifa ya Utamaduni na Sanaa (kifupi: NCCA), na tangu hapo taasisi hizo mbili zimekuwa zikishirikiana kuwateua wanaopendekezwa. Mwaka 2003 amri ya rais namba 236 iliiweka tuzo hiyo katika daraja la nishani rasmi za nchi.

Tuzo hutolewa katika nyanja mbalimbali: fasihi, muziki, ngoma, tamthilia, sanaa za kuonekana, filamu, usanifu majengo na nyinginezo. Anayeipata hupewa medali, fedha taslimu, malipo ya kila mwezi maisha yake yote, msaada wa matibabu na haki ya kuagwa na kuzikwa kwa heshima za kitaifa. Kwa hiyo si suala la sifa tu. Fedha za umma zinahusika, na jina la mhusika huingia katika vitabu vya shule.

Vigezo vikuu vya tuzo ni hivi:

* mhusika awe raia wa Ufilipino, aliye hai, au aliyefariki baada ya tuzo kuanzishwa mwaka 1972 akiwa bado raia;
* kazi zake, kwa maudhui na umbo, ziwe zimechangia kujenga hisia ya utaifa wa Kifilipino;
* awe ameanzisha njia au mtindo mpya wa kisanaa uliowaathiri waliomfuata;
* awe ameacha kazi nyingi na zenye uzito, au ameonyesha ubora wa kudumu;
* awe anakubalika kwa upana, kwa tuzo nyingine, maoni ya wahakiki na heshima ya wasanii wenzake.

Majina hupitia ngazi kadhaa. Kwanza hupokelewa mapendekezo kutoka kwa umma na taasisi. Kisha majopo ya wataalamu huyachuja mara mbili. Mwishoni bodi za NCCA na CCP, pamoja na Wasanii wa Taifa walio hai, hukutana na kupiga kura. Orodha inayopatikana ndiyo hupelekwa kwa rais, naye hutoa tangazo.

Wasanifu majengo waliopata tuzo hiyo ni wachache. Kabla ya mwaka 2009 walikuwa Juan Nakpil (1973), Pablo Antonio (1976), Leandro Locsin (1990) na Ildefonso Santos (2006), ambaye alikuwa msanifu wa bustani na mandhari.

## Maisha na mtindo

Mañosa alizaliwa mjini Manila. Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas, akahitimu mwaka 1953. Alianza kazi pamoja na ndugu zake Manuel na Jose, waliokuwa nao wasanifu, na baadaye akaendesha ofisi yake mwenyewe.

Alipoanza kazi, Manila ilikuwa inajengwa upya. Mapigano ya mwaka 1945 yaliharibu sehemu kubwa ya mji, na majengo mengi mapya yalifuata mtindo wa kimataifa wa saruji, chuma na vioo. Mañosa alichukua njia nyingine. Alitafuta mfano katika *bahay kubo*, nyumba ya asili ya wakulima wa nchi tambarare za Ufilipino.

*Bahay kubo* hujengwa kwa mianzi na kuezekwa kwa majani ya mnipa, mmea wa maeneo ya mikoko. Paa lake hukaribia kufanana na paa la makuti. Nyumba husimama juu ya nguzo. Nafasi iliyo chini ya sakafu huitwa *silong*: huiweka nyumba juu ya maji ya mafuriko, hupitisha upepo na hutumika kuhifadhi vifaa au kufugia wanyama. Sakafu ya vipande vya mianzi ina nyufa ndogo zinazopitisha hewa kutoka chini. Paa ni la mwinuko mkali, hivyo maji ya mvua huteremka haraka, na hewa ya joto hupanda juu na kuwaacha watu kwenye ubaridi. Kingo za paa hutokeza nje sana ili kuzuia jua na mvua visifike madirishani. Kwa jumla ni nyumba inayokabiliana na hali ya hewa ya joto, unyevu na tufani bila mashine yoyote.

Hoja ya Mañosa ilikuwa kwamba kanuni hizo hazina sababu ya kubaki kijijini. Alizitumia katika hoteli, makanisa, ofisi na vituo vya treni. Pia alijaribu vifaa vya nchini ambavyo wasanifu wengi waliviona kuwa vya watu maskini: mianzi, mbao za mnazi, vifuu, kauri za baharini, nyuzi za mimea na mkeka uliosukwa. Nyumba yake mwenyewe huko Ayala Alabang, kusini mwa Metro Manila, ilifuata mtindo huo.

## Majengo muhimu

### Tahanang Pilipino

Jengo lake linalotajwa zaidi ni *Tahanang Pilipino*, yaani "makao ya Kifilipino", maarufu zaidi kama Coconut Palace, jina lenye maana ya "kasri la minazi". Lilijengwa kuanzia mwaka 1978 katika eneo la Kituo cha Utamaduni kando ya ghuba ya Manila, kwa agizo la Imelda Marcos, mke wa rais. Paa lake limechukua umbo la *salakot*, kofia pana ya wakulima. Karibu kila sehemu ya mnazi ilitumika: shina likawa nguzo na mbao, vifuu vikawa mapambo ya meza na taa, nyuzi zikafumwa. Kila chumba cha wageni kilipewa jina na mapambo ya eneo mojawapo la nchi.

Jengo hilo lilikusudiwa kuwa tayari kwa ziara ya Papa Yohane Paulo II mwaka 1981. Inasimuliwa sana kwamba Papa alikataa kulala humo kwa kuwa lilikuwa la kifahari mno katika nchi yenye maskini wengi. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2016 lilitumika kama ofisi ya makamu wa rais.

### Makao makuu ya San Miguel

Mwaka 1984 ndugu wa Mañosa walikamilisha makao makuu ya kampuni ya San Miguel mjini Mandaluyong. Ghorofa zake zimepangwa kama ngazi zenye mimea, kwa mfano wa matuta ya mpunga ya milima ya Ifugao kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Madirisha yameinamishwa ili jua lisiingie moja kwa moja, jambo linalopunguza joto ndani. Bustani zilipangwa na Ildefonso Santos. Jengo hili linaonyesha kwamba mtindo wa Mañosa haukuishia kwenye mianzi na paa la nyasi, kwani hapa vifaa ni vya kisasa na wazo ndilo la kienyeji.

### Vituo vya reli

Mnamo miaka ya 1980 Mañosa alibuni vituo vya njia ya kwanza ya reli nyepesi ya Manila (LRT), iliyoanza kazi mwaka 1984 na kuwa ya kwanza ya aina yake katika Asia ya Kusini-Mashariki. Vituo vya awali vina mapaa ya mwinuko yanayokumbusha *bahay kubo*. Kati ya kazi zake zote, huenda hizi ndizo zinazotumiwa na watu wengi wa kawaida kila siku.

### Makanisa na hoteli

Mañosa alibuni pia kanisa la Bikira Maria Malkia wa Amani, maarufu kama EDSA Shrine, lililowekwa wakfu mwaka 1989 katika Mji wa Quezon. Lipo kando ya barabara ya EDSA, ambako mamilioni ya raia walikusanyika mwezi Februari 1986 na kuuangusha utawala wa Marcos bila silaha. Kwa hiyo msanifu aliyemjengea Imelda Marcos kasri ndiye pia aliyebuni jengo la kumbukumbu la mapinduzi yaliyomwondoa. Katika kanisa hilohilo, tarehe 20 Januari 2001, Gloria Macapagal Arroyo aliapishwa kuwa rais baada ya maandamano ya pili ya EDSA.

Huko Las Piñas alibuni kanisa la parokia lililo wazi pande zote, lililojengwa kwa mbao na vifaa vya asili kati ya miti. Kati ya hoteli zake za kitalii zimo Amanpulo katika kisiwa cha Pamalican na Pearl Farm katika kisiwa cha Samal.

## Mzozo wa mwaka 2009

Mchakato wa mwaka 2009 ulianza kama kawaida. Majina 87 yalijadiliwa. Mchujo wa kwanza ulibakiza 32, na wa pili 13. Tarehe 6 Mei 2009 jopo la mwisho lilipiga kura na kubakiza majina manne:

* Manuel Conde, mtengenezaji wa filamu (aliyekwisha kufariki);
* Ramon Santos, mtunzi wa muziki;
* Lazaro Francisco, mwandishi wa riwaya (aliyekwisha kufariki);
* Federico Aguilar Alcuaz, mchoraji.

Mwezi Julai ofisi ya rais ilitangaza majina saba. Conde, Francisco na Alcuaz walikuwemo. Ramon Santos, aliyekuwa wa pili kwa wingi wa kura, hakuwemo. Badala yake yaliongezwa majina manne ambayo hayakuwa katika orodha ya mwisho:

* Cecile Guidote-Alvarez (tamthilia);
* Carlo J. Caparas (sanaa za kuonekana na filamu);
* Francisco Mañosa (usanifu majengo);
* Jose "Pitoy" Moreno (ubunifu wa mavazi).

Marais walikuwa wamewahi kuongeza majina kabla ya hapo. Mwanahistoria Carlos Quirino alipewa tuzo mwaka 1997, mwandishi Alejandro Roces mwaka 2003 na msanii Abdulmari Imao mwaka 2006 kwa njia hiyo. Lakini safari hii walioongezwa walikuwa wengi kuliko waliopitishwa na jopo, na mmoja wa waliopitishwa alikuwa ameondolewa.

Malalamiko hayakuwa ya aina moja kwa wote wanne. Guidote-Alvarez ndiye mwanzilishi wa chama cha tamthilia cha PETA na alikuwa na sifa kubwa, lakini wakati huo alikuwa mkurugenzi mtendaji wa NCCA, na kanuni zinakataza maofisa wa taasisi hizo mbili kupendekezwa. Caparas alijulikana kwa hadithi za katuni na filamu za watu wengi. Wapinzani walisema kwamba yeye huandika hadithi na wengine ndio huchora, hivyo hawezi kupewa tuzo ya sanaa za kuonekana. Kuhusu Mañosa na Moreno, watu wachache walipinga umahiri wao. Kilichopingwa ni mlango walioingilia.

Mwezi Agosti 2009 wasanii waliandamana wakiwa wamevaa nguo nyeusi, wakafanya ibada ya mfano ya mazishi ya tuzo. Kisha Wasanii wa Taifa kadhaa walifungua kesi. Aliyetajwa wa kwanza alikuwa mshairi Virgilio Almario, pamoja na Bienvenido Lumbera (fasihi), Benedicto Cabrera (uchoraji), Napoleon Abueva (uchongaji) na Arturo Luz (uchoraji na uchongaji). Waliungana na wahadhiri na vyama vya wasanii. Tarehe 25 Agosti Mahakama ya Juu iliamuru hali ibaki kama ilivyokuwa hadi kesi iamuliwe. Mañosa alikuwa na umri wa miaka 78.

## Hukumu ya mwaka 2013

Hukumu ilitolewa tarehe 16 Julai 2013, wakati Arroyo alikuwa ameshaondoka madarakani. Majaji 12 waliunga mkono kubatilishwa kwa matangazo manne. Hukumu iliandikwa na jaji Teresita Leonardo-De Castro.

Upande wa utetezi ulikuwa umesema kwamba kazi ya bodi mbili ni kumshauri rais tu, na anayeshauriwa halazimiki kufuata ushauri. Mahakama ilikubali nusu ya hoja hiyo. Ilisema ni kweli rais halazimiki: akipelekewa jina anaweza kulikataa. Lakini uhuru wake unaishia hapo. Hawezi kuweka jina ambalo halikupita katika mchujo, kwa sababu kufanya hivyo ni kuufuta utaratibu ambao sheria na kanuni zimeuweka.

Mahakama iliona pia kwamba walioongezwa walipewa upendeleo. Wengine wote walipita mbele ya majopo ya wataalamu hatua kwa hatua, na wengi wao wakaachwa. Hao wanne walipandishwa moja kwa moja hadi mwisho. Kwa sababu hizo ilitamka kwamba rais alitumia vibaya madaraka yake kwa kiwango kikubwa.

Pamoja na hayo mahakama ilitahadharisha kwamba haikuwa ikipima ubora wa kazi za wahusika. Kupima sanaa si kazi ya majaji. Matangazo yalikuwa batili hata kama waliotajwa ni wasanii wakubwa, nayo yangebaki batili hata kama kila raia angewapenda.

Kwa Mañosa matokeo yalikuwa ya kipekee. Alikuwa na miaka 82, amevuliwa cheo ambacho hakuna mtu aliyethibitisha kwamba hakistahili. Hukumu haikumzuia kupendekezwa tena, lakini ilimrudisha mwanzo wa foleni pamoja na wengine.

## Je, alistahili?

Swali hili linaweza kujibiwa vizuri zaidi kwa kupima kazi zake kwa vigezo vya tuzo kimoja kimoja.

### Utaifa

Hiki ndicho kigezo ambacho Mañosa anasimama imara zaidi. Kwa zaidi ya miaka hamsini alishikilia kwamba usanifu wa Kifilipino unapaswa kutoka katika hali ya hewa, vifaa na desturi za Ufilipino.

Hata hivyo kuna pingamizi la kweli. Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,000 na jamii nyingi zenye nyumba tofauti: Waifugao wa milimani wana aina yao, Wamaranao wa Mindanao wana *torogan*, nyumba kubwa za watawala zenye michongo. *Bahay kubo* ni nyumba ya jamii za nchi tambarare. Ukiifanya kuwa alama ya taifa lote, kuna hatari ya kuzifunika nyingine. Kwa upande wa Mañosa inaweza kujibiwa kwamba alichota pia kutoka kwingine, kama matuta ya Ifugao katika jengo la San Miguel.

### Uanzilishi

Mañosa hakuwa wa kwanza kuutazama urithi wa *bahay kubo*. Leandro Locsin alifanya hivyo kabla yake: jumba lake kuu la Kituo cha Utamaduni, lililofunguliwa mwaka 1969, ni bonge kubwa la saruji linaloonekana kuelea juu ya ardhi, kama nyumba iliyo juu ya nguzo. Tofauti yao inafaa kueleweka. Locsin alichukua wazo na kuacha vifaa; mtazamaji asiyeambiwa huenda asiione nyumba ya kijijini ndani ya saruji ile. Mañosa alichukua vyote viwili, akaacha mianzi ionekane kuwa mianzi.

Upya wake basi uko katika vifaa. Kabla ya Tahanang Pilipino mbao za mnazi hazikuhesabiwa kuwa mbao za jengo la heshima. Baada yake zilijaribiwa na kutumiwa kwa upana zaidi.

### Wingi na ubora wa kazi

Hapa hakuna ubishi mkubwa kuhusu wingi: ofisi, makanisa, hoteli, vituo vya reli na nyumba nyingi za kuishi. Ubishi upo juu ya nani alinufaika. Hoteli ya Amanpulo ni ya matajiri, na Tahanang Pilipino lilijengwa kwa fedha nyingi katika miaka ya utawala wa kijeshi. Kuchukua umbo la nyumba ya mkulima na kuligeuza kuwa anasa ambayo mkulima mwenyewe hawezi kuifikia ni jambo linalostahili kuhojiwa.

Kuna majibu mawili. Kwanza, msanifu majengo hutegemea mteja kuliko mshairi au mchoraji. Shairi huandikwa kwa karatasi na kalamu, lakini jengo halisimami bila mwenye fedha. Locsin naye alijenga Kituo cha Utamaduni kwa agizo la Imelda Marcos, na hilo halikumzuia kupata tuzo. Pili, vituo vya reli na makanisa ya Mañosa yako wazi kwa kila mtu.

### Kukubalika

Wasanifu wenzake walimheshimu, na wengi waliona kwamba angefikia tuzo hiyo hata bila msaada wa rais. Hapa ndipo ubaya wa mwaka 2009 unapoonekana wazi zaidi. Kigezo hiki kinataka heshima ya wasanii wenzake, na mchujo ndio njia ya kuipima. Kwa kuurukia mchujo, tangazo la rais lilimnyima Mañosa ushahidi uleule ambao ungeondoa shaka.

## Tuzo ya mwaka 2018

Mañosa alipendekezwa tena na safari hii jina lake lilipita ngazi zote. Tarehe 24 Oktoba 2018 Rais Rodrigo Duterte alimtunuku katika ikulu ya Malacañang pamoja na wengine sita: Kidlat Tahimik (filamu), Ryan Cayabyab (muziki), Amelia Lapeña-Bonifacio (tamthilia), Resil Mojares (fasihi), na marehemu Ramon Muzones (fasihi) na Larry Alcala (sanaa za kuonekana).

Mwenyekiti wa NCCA wakati huo alikuwa Virgilio Almario, yuleyule ambaye jina lake lilitangulia katika kesi ya mwaka 2009. Jambo hilo linasaidia kuelewa msimamo wa waliofungua kesi. Kama kesi ingekuwa dhidi ya Mañosa mwenyewe, lingekuwa jambo la ajabu kwa tume iliyoongozwa na mlalamikaji kumpendekeza. Kesi ilikuwa juu ya utaratibu, na utaratibu ulipofuatwa hakukuwa na sababu ya kumkataa.

Mañosa alikuwa na miaka 87. Alifariki tarehe 20 Februari 2019, siku nane baada ya kutimiza miaka 88.

## Umuhimu wa kesi hii

Wenzake watatu wa mwaka 2009 hawakuwa na mwisho kama wake: Mañosa ndiye pekee kati ya wanne aliyeipata tuzo baadaye kwa njia ya kawaida hadi alipofariki. Moreno alifariki Januari 2018 bila kuipata. Ramon Santos, aliyeondolewa katika orodha, alitangazwa kuwa Msanii wa Taifa mwaka 2014 na Rais Benigno Aquino III.

Mwaka huohuo wa 2014 hukumu ilionyesha upande wake wa pili. Aquino alikataa kumtangaza mwigizaji Nora Aunor ingawa alikuwa amependekezwa, na mashabiki wake walilalamika sana. Lakini kwa mujibu wa hukumu ya mwaka 2013 rais alikuwa na haki ya kukataa. Alichozuiwa ni kuongeza. Aunor alikuja kupewa tuzo mwaka 2022. Hivyo kinga iliyowekwa na mahakama inafanya kazi upande mmoja tu: inazuia asiyechujwa asiingie, lakini haimhakikishii aliyechujwa kwamba ataingia.

Kwa swali la awali, yaani kama Mañosa alistahili, jibu linaloungwa mkono na matukio ni kwamba alistahili kwa kazi zake, na kwamba tangazo la mwaka 2009 lilistahili kufutwa. Kauli hizo mbili hazipingani. Msanii mwema akipewa tuzo kwa njia mbaya, hasara yake ya kwanza ni kwamba watu huacha kutazama majengo yake na kuanza kuuliza alimjua nani. Ilichukua miaka tisa kumwondolea Mañosa swali hilo.